Bi Risasi na Maneno Yaliyolika

Mtaani kwetu wanamwita Bi Risasi, na mgeni akisikia hivyo hudhani alikuwa askari. Askari wapi! Huyu ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mwanamke wa kilo hamsini akiwa amevaa koti, ambaye akiona mende huita mtu aje kumuua. Risasi aliyoishika maisha yake yote ni yale madini laini ya kijivu yaliyoyeyushwa zamani kutengenezea herufi za kuchapia vitabu.

Alianza kazi ana miaka kumi na saba, kwenye kiwanda cha uchapaji cha watawa. Vitabu vilipangwa kwa mkono, herufi moja moja. Unasimama mbele ya sanduku pana lenye vijumba vingi, kila herufi na kijumba chake, unaokota hii, unaokota ile, unazipanga kwenye kipande cha chuma mpaka mstari ujae. Na herufi zenyewe zimegeuka kama maandishi kwenye kioo, kwa hiyo unasoma kinyumenyume. Walichapa misale, vitabu vya misa, na sala za Kilatini kwa ajili ya nyumba za watawa za mbali. Msimamizi wao alikuwa bruda mmoja mzee, mkali kama pilipili, mwenye sheria moja tu: hupangi mstari usioujua maana. Wa viwanda vingine walimcheka, maana kwao mpanga herufi ni mikono tu. Yeye alisema mikono isiyoelewa hupanga makosa kwa unadhifu. Basi kila asubuhi kabla ya chai wasichana wanne wa pale walisimama, wakasomewa ukurasa wa siku hiyo, neno kwa neno, mpaka waelewe. Miaka ishirini na sita! Hakuna aliyemwambia wifi kwamba anasoma Kilatini. Yeye alidhani yuko kazini.

Kompyuta zilipokuja kiwanda kikafungwa, herufi zikayeyushwa, na wifi akahamia kwetu na sanduku moja la herufi, tupu. Mimi ni fundi cherehani, na chumba changu cha kushonea ndicho chenye dirisha kubwa. Hapo hapo ndipo kaka yake alipomwekea kitanda. Sikuulizwa. Niliona tu kitanda kinapita mlangoni.

Sasa niseme ukweli, kwa sababu huyu ninayemwandika yuko hai na atayasoma haya: sikumpenda. Kuishi na wifi ni mtihani. Anakohoa kwa adabu, anakunja shuka kama anakwenda kukaguliwa na jeshi, na ukimuuliza "Umekula?" anakujibu "Nashukuru." Mtu na nyumba ya kaka yake, anashukuru nini?

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyemlea peke yake. Binti alikwenda Italia kutunza wazee, akaolewa huko na fundi bomba, mtu mpole kwa kadiri tulivyomsikia, akazaa msichana. Mtoto alipofika miaka minne, mama yake akaugua wiki mbili tu, akafa. Karatasi za safari za wifi zilitoka siku tisa baada ya mazishi. Alizikunja, akazitia chini ya godoro, na sijawahi kumwona akizifungua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilikuwa nikisikia tu kitanda kikilia, naye juu yake halii.

Kilichobaki kilikuwa simu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mkwe wake alipiga, akamweka mtoto kwenye simu. Mtoto alijua Kiitaliano peke yake. Bibi yake alijua Kiswahili, na Kilatini ambacho hata hakukihesabu. Basi wanakaa, huyu anasema "Ciao, nonna," yaani hujambo bibi, yule anasema "Ndiyo, mama, ndiyo," halafu kimya. Unasikia pumzi tu. Dakika tano za pumzi, miaka mitatu.

Mwezi mmoja mkwe akazungumza na mume wangu, kwa Kiingereza chao cha kuombea maji, wote wawili. Mume wangu akaja chumbani akiwa amejikuna kichwa mpaka nywele zimesimama.

"Anasema mtoto hataki tena simu," akatuambia. "Anasema anaogopa ule ukimya. Akishakata anakuwa mnyonge siku nzima. Mkwe anaomba tuendelee mpaka siku yake ya kuzaliwa, atakapotimiza miaka minane. Baada ya hapo tupumzike, mpaka awe mkubwa."

"Mkubwa wa miaka mingapi?" wifi akauliza.

Mume wangu akajikuna tena kichwa. Siku ya kuzaliwa ilikuwa miezi saba mbele.

Jumatatu wifi alivaa viatu vya kanisani, akaenda kujiandikisha darasa la Kiitaliano. Miaka sitini na moja! Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, limejaa vijana wanaotaka kwenda kusomea uuguzi na upishi. Nikasema moyoni, makubwa haya, hata alfabeti ya simu yake haijui.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha nikampelekea mwavuli. Nikapanda ngazi, nikachungulia. Mwalimu, mwanamke mnene mwenye miwani, amekaa dawati la nyuma kama mwanafunzi. Mbele ubaoni yuko wifi yangu na chaki.

"Usiku, Kilatini ni *nocte*," alikuwa akisema kwa sauti yake ile ya kukohoa kwa adabu. "Nane, *octo*. Maziwa, *lacte*. Sasa tazameni katikati, c na t zimekaa pamoja. Herufi ikitumika sana hulika. Nimeshika herufi zilizolika, nazijua. Hii c imelika miaka mingi mpaka imekuwa t kama jirani yake. *Notte. Otto. Latte.*"

Akawaandikia *facto*, kilichofanywa, akawauliza Kiitaliano watasemaje. Darasa zima likajibu *fatto*. Kijana mmoja aliyekuwa amelalia mkono akainuka kabisa. Mwalimu akaniona mlangoni, akaninong'oneza: "Mimi nawapa maneno kumi kwa wiki wanalia. Yeye kawapa ufunguo." Nikasimama na mwavuli wangu unaodondosha maji kwenye sakafu ya watu, nikasahau nilichojia.

Nyumbani lile sanduku tupu likapata kazi. Wifi alikata karatasi ndogo ndogo kutoka mabaki ya karatasi zangu za kukatia mitindo, akaandika neno la Kiitaliano kila moja, akaliweka kwenye kijumba cha neno lake la Kilatini. Maneno mengine alikuwa nayo tayari: mkate, maji, mkono, njia, mwana, jua, nyota, amani. Neno lisilo na ndugu wa Kilatini anayemjua lilitupwa kwenye kopo la vifungo vyangu. Hao aliwaita wageni.

"Kumbe maneno nayo yana ukoo?" nikamtania.

"Yana," akasema. "Na wengine wamejitenga na kwao, kama watu."

Mchana ule wa miezi ile sijui nikueleze vipi. Pazia linavuta upepo, linauachia. Pasi inapumua mvuke. Mguu wangu uko kwenye cherehani, cherehani inakwenda, na nyuma yangu sauti ndogo inasema neno la zamani, halafu mtoto wake, neno la zamani, halafu mtoto wake. Nilikuwa nikishona mkono wa gauni nikashtuka nimefika begani bila kukumbuka nilivyofika. Mara nyingine wote wawili tulisinzia, yeye kwenye kitanda na mimi juu ya kitambaa, na nikiamka sikujua ni saa ngapi wala ni mwaka gani. Siku moja aliamka akaniambia ameota yuko kiwandani. Masanduku yamepangwa mpaka kusipoonekana mwisho, na mwanawe amesimama kule mbali anasema, lakini badala ya sauti herufi ndizo zinatoka, zimegeuka.

"Si wewe unasoma kinyume?" nikamwambia.

"Nasoma. Ila zilikuwa zinapita mbio."

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Sikutaka aone uso wangu.

Mwezi wa nne wa masomo akajiona yuko tayari. Jumapili ya kwanza simu ikalia, akakaa wima kitandani, akaanza kwa Kiitaliano, kwa sauti ya juu, polepole, kila neno limenyooka. Upande wa pili mtoto akapiga ukelele, simu ikadondoka, tukasikia miguu ikikimbia. Mume wangu akaandikiana na mkwe. Akasoma jibu, akakohoa, akajaribu kujizuia, akashindwa.

"Mtoto amemwambia baba yake," akasema, "kuna padri kwenye simu."

Lo! Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kumbe wifi alimwambia mtoto wa miaka saba: amani iwe kwako, binti, uliye nuru ya nyumba, inua moyo wako. Atasema nini mwingine? Maneno aliyokuwa nayo yote yalitoka kwenye misale. Alijua dhambi, mshumaa, mwanakondoo na uzima wa milele. Hakujua kiatu. Mwalimu alimwambia hivyo hivyo siku ya pili: "Mama, una maneno ya kubatizia watu na ya kuwazikia. Ya kuchezea huna."

Ningeishia kucheka, ingekuwa heri. Lakini wiki ile nilikuwa na magauni sita ya harusi ya watu, sindano imenivunjikia mara mbili, na wifi amerudi kwenye sanduku lake kama kwamba hakuna kilichotokea, ananong'ona baiskeli, ananong'ona mfuko wa shule. Akaja kuomba kopo la vifungo. Nikalipuka.

"Wifi, hebu acha! La kuvunda halina ubani. Hata ukijua Kiitaliano cha dunia nzima, marehemu harudi!"

Ulimi hauna mfupa. Neno likishatoka, hata ulikimbilie kwa magoti hulikamati. Cherehani ilisimama.

Wifi aliweka kopo mezani, taratibu. "Najua harudi," akasema. "Nimekwambia namtafuta yeye? Kuna mtoto kule ananiogopa. Nikifa leo, atakachokumbuka kwangu ni pumzi."

Kisha akakaa kitandani, akalia. Miaka mitatu na nusu tangu msiba, ndiyo mara ya kwanza. Na mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko mkono, nikayaacha magauni ya watu. Nikaenda nikakaa pembeni yake. Nilimpenda siku ile, na niliona aibu kwamba imenichukua muda wote huo na kwamba ilibidi kwanza nimuumize.

Toka hapo tukawa wawili. Magauni nilishona asubuhi, mchana nilishika karatasi. Namsomea Kiswahili, ananijibu Kiitaliano. Nilimvurumishia vitu vya nyumbani kama muuza duka: kijiko, sabuni, soksi, paka wa jirani. Wageni wale wa kwenye kopo walikuwa wagumu, hawana pa kushikia, tuliwakariri kwa jasho. Lakini kila tulipochoka alirudi kwa ndugu zake wa Kilatini apumzike, kama mtu anayeingia kwao kunywa maji. Shule, *scuola*, alikuta ni *schola* ile ile. Rafiki, *amico*, ni *amicus* aliyepoteza mkia tu. Mpaka mimi, kwa kushika karatasi, nikaanza kuokota maneno kama vifungo sakafuni.

Mwezi wa tano na wa sita mtoto alikuja kwenye simu kwa kuburutwa. Alijibu ndiyo, alijibu hapana. Wifi aliuliza habari za shule, mtoto akasema nzuri. Hakulia, hakukimbia, lakini hakuuliza kitu. Mkwe hakubadili neno lake. Mume wangu alimdokezea, akaambiwa: tumekubaliana mpaka siku ya kuzaliwa.

Siku ikafika, Jumapili mchana. Nilisafisha meza ya kushonea, nikakunja vitambaa, nikafuta meza mara mbili bila sababu. Mume wangu aliweka simu katikati, sauti imefunguliwa wote tusikie. Wifi alivaa vile viatu vya kanisani, kana kwamba mtoto ataviona.

Alimtakia heri. Mtoto akashukuru. Akamuuliza amepewa nini, mtoto akataja, wifi akashika nusu, akaomba arudie, akashika iliyobaki. Baiskeli. Wifi akaniangalia, akanionyesha vidole viwili, magurudumu mawili, nikatikisa kichwa kama mjinga. Akauliza rangi. Akajibiwa. Halafu ukaja ule ukimya. Ule ule. Niliangalia mikono yangu. Nilisema moyoni, basi, imekwisha, miezi saba yote, masikini wifi yangu.

"*Nonna*," mtoto akasema. Akasita. Kisha akauliza kitu kirefu kidogo, na ndani ya hicho kitu, ghafla, nikasikia lugha yangu.

"*Tulia mama umebaki moja tu.*"

Ilikuja imepinda, msisitizo wote umekaa pasipo pake, maneno yamegandana kama neno moja. Mume wangu alisimama.

Wifi hakusogea. Nilidhani hajasikia. Kisha akauliza kwa Kiitaliano, polepole sana, na kwa mara ya kwanza nikajua anauliza nini kwa kumtazama tu: nani amekuambia?

"*La mamma*," mtoto akasema, na akaongeza maneno. Wifi akakunja uso. Kuna neno limempita, naliona kabisa limempita, halimo kwenye sanduku wala kwenye kopo. Akamwomba aseme tena. Mtoto akasema tena, halikuingia. Ndipo mtoto, kwa subira ya mtu mkubwa, akatafuta njia nyingine. "*I capelli, nonna. I capelli.*"

Wifi alifumba macho. Aliniambia baadaye kwamba bruda aliwasomea neno hilo asubuhi moja, ana miaka kumi na tisa, kwenye ukurasa wa Injili unaotaja nywele za kichwa. *Capilli.* Alilipanga kwa mkono, herufi saba, kinyumenyume.

"Nywele," akatuambia bila kufumbua macho. "Anasema mama yake alimwambia hivyo kila alipomsuka nywele. Amelitunza. Hajawahi kumwambia mtu, hata baba yake. Anataka kujua maana yake."

Jamani. Mtoto alibeba maneno hayo miaka minne, kule, peke yake, na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Bibi mwenyewe alikuwa anapumua tu kwenye simu. Nililia pale pale, sikujificha.

Wifi akamweleza. Sijui alisemaje, najua alichotafsiri baadaye: kaa kimya kidogo, binti yangu, msuko umebaki mmoja, halafu tumemaliza.

Mtoto akafikiri. "*Solo questo?*" Hicho tu?

"*Solo questo.*"

Alidhani ni sala, kumbe. Au siri kubwa. Tukangoja, na mimi nikaogopa kwamba amevunjika moyo, kwamba kitu alichokificha muda wote huo kimegeuka kuwa kichana na mafuta. Halafu akauliza tena, sauti imeshuka, na wifi akanitafsiria kwa midomo bila sauti: ananiuliza kama na mimi nilimwambia mama yake hivyo.

"*Sempre*," wifi akajibu. Siku zote. Neno hilo alilipanga mara elfu kadhaa, mwisho wa kila sala, likiwa bado *semper*.

"*Dillo tu*," mtoto akasema. Sema wewe.

Wifi yangu akainamia simu. Hakusema kwa sauti ya padri, wala ya darasani. Alisema kama mtu aliyeshika kichwa cha mtoto katikati ya magoti yake, haraka haraka, nusu anabembeleza nusu anakaripia: "Tulia, mama, umebaki mmoja tu."

"*Ancora*," mtoto akasema.

Akasema tena.

"*Ancora.*"

Akasema tena, na tena, mpaka mtoto naye akaanza kusema pamoja naye, na ule "moja" wake ukawa "mmoja". Tulisikia baba yake akimwita mezani, keki inangoja. Mtoto akamwambia asubiri. Kisha akauliza neno moja tu, na hilo nililielewa mwenyewe, bila kungoja kutafsiriwa.

"*Domenica?*"

Jumapili. Siyo ya mwezi ujao, Jumapili hii inayokuja.

"*Sì*," wifi akasema, yaani ndiyo, na mimi nyuma yake nikasema *sì*, na mume wangu, ambaye hajui hata neno moja, akasema *sì*.